Nguzo Haipandwi kwa Viatu

Swarupa alikuwa ameolewa miaka tisa na hakuwahi hata siku moja kumwona mumewe akifanya kazi. Alijua kwamba anatoka na koleo kiunoni na kamba begani, na kwamba anarudi na vumbi la zege kifuani na mapajani, maana nguzo hukumbatiwa. Yaliyokuwa katikati hakutaka kuyajua. Wake wa mafundi pale kijijini walikuwa hivyo wote. Umeme ukikatika waliupa mlango mgongo na kutafuta la kufanya, wasije wakajikuta wanahesabu dakika.

Na kazi yenyewe, kwenye karatasi, haikuwa ya Mallesham. Ilikuwa ya Komuraiah, fundi wa kudumu wa kampuni ya umeme, mwenye kitambulisho, mshahara wa rupia elfu hamsini na tumbo ambalo hakuna nguzo ingelikubali. Mallesham alikuwa kibarua wa mkandarasi kwa rupia elfu kumi na mbili. Yeye ndiye aliyepanda, miaka kumi na moja sasa, na taa ziliporudi watu walimshukuru Komuraiah aliyekuwa chini ameshika simu. Chai ya kwanza ilikwenda kwa Komuraiah. Ya Mallesham ilikuja baadaye, imepoa, na siku nyingine haikuja kabisa.

Kwa hiyo kampuni ilipotangaza nafasi za mafundi wadogo wa laini, nyumba nzima iliacha kupumua. Mwisho wa umri ulikuwa miaka thelathini na mitano, na Mallesham alibakiza miezi minne. Cheti cha ufundi alikuwa nacho. Alikwenda kukitafuta ukubwani, akakaa darasani na vijana waliomwita mjomba. Mtihani wa kuandika ndio uliokuwa mlima. Swarupa, aliyemaliza darasa la kumi na mbili kwao kabla hajaolewa, alimsomea kitabu kila alfajiri huku akikanda unga wa mtama, yeye akirudia nyuma yake kama mtoto wa chekechea. Volti, ampia, ohm. Mpaka Swarupa akakijua kitabu chote kwa moyo, na Mallesham akakijua cha kutosha kupita kwa alama mbili.

Kilichobaki kilikuwa kupanda nguzo.

"Kupanda nguzo?" Buchamma, mama yake Mallesham, alicheka hadi akashika mbavu. "Wanampima bata kama anajua kuogelea? Haya, mkwe wangu, pika wali leo. Mtama tumeshauaga."

Swarupa alipika wali.

Komuraiah ndiye aliyeleta habari mbaya, na kusema kweli hakuileta kwa ubaya. Alikuja siku sita kabla ya mtihani, akakaa kwenye kitanda cha kamba kikatoa mlio, akaomba maji.

"Mallesham, mdogo wangu, umesoma masharti?"

"Nimesoma, kaka. Mita tisa, dakika moja na nusu, uguse kitambaa chekundu kileleni. Unapewa nafasi mbili."

"Na chini pale, kwa herufi ndogo?"

Swarupa aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti. Kofia ngumu, mkanda wa usalama, buti. Asiyevaa kimojawapo hatahesabiwa kuwa amepanda.

Kofia na mkanda vilikuwa vya kuazima. Lakini buti kampuni iliwapa wa kudumu tu, na vibarua wa kijiji kile walikuwa wamepanda pekupeku tangu nguzo ya kwanza isimamishwe. Si kwa sababu ya umaskini peke yake. Nyayo zinashika zege kuliko ngozi ya kiatu. Tena kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyewafundisha kwa maneno: hukanyagi kwa kiatu kitu kinachokulisha. Siku ya Dasara, sikukuu ya kubariki vyombo vya kazi, koleo na kamba hupakwa manjano na kuwekewa maua kama vilivyo vitabu na jembe. Mtu akigusa nguzo kwa mguu bila kukusudia, huinama, akaigusa kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso. Mallesham alivua ndara chini ya nguzo kama anavyozivua mlangoni pa hekalu, akagusa, akapanda. Mara elfu ngapi, nani anajua.

"Nguzo haipandwi kwa viatu," alisema Buchamma, kana kwamba hilo lingewafanya wakubwa wa kampuni wabadili karatasi.

"Mama, mimi mwenyewe sikuwahi kupanda nazo," alisema Komuraiah. "Nilipopewa zangu nilikuwa nimeshaacha kupanda."

Waliuza mwanambuzi wa binti yao, Akshara. Mjini, mwenye duka la vifaa alimtazama Mallesham kutoka nywele hadi ndara, akauliza, "Bwana wako anavaa namba ngapi?"

"Ni zangu."

"Zako?" Mwenye duka aliutazama tena ule mguu, mpana, vidole vimetawanyika kama tangawizi. "Basi chukua namba kumi, na uombe."

Nje ya kijiji, ukingoni mwa shamba la pamba, palikuwa na nguzo moja iliyosimamishwa kwa ajili ya laini ambayo haikuvutwa kamwe. Mallesham alikwenda huko kila asubuhi kabla ya kazi. Siku ya kwanza aliteleza akachunika kidevu. Siku ya pili alifika nusu. Siku ya tano alirudi nyumbani anachechemea, malengelenge yamepasuka, lakini anatabasamu.

"Dakika moja na sekunde ishirini," alimwambia Swarupa. "Zinabaki kumi za kumpungia mkono mkaguzi."

Jioni ile kaka yake Swarupa, Sudhakar, alipiga simu kutoka Hyderabad. Sudhakar alikaa kwenye kiti kinachozunguka na kujibu simu za wateja wa benki, na tangu hapo aliamini kila tatizo la dunia linangojea yeye aliandikie namba.

"Shemeji, ile nafasi ya ulinzi kwenye jengo letu bado ipo. Elfu kumi na nne, sare bure, kivuli muda wote. Unafungua geti, unafunga geti. Unapiga saluti kidogo magari yakiingia. Nikuwekee?"

"Ngoja kesho ipite."

"Mwenye jengo hangojei. Kesho jioni nataka jibu. Shemeji, nguzo siyo maisha. Mtu akizeeka nguzo inamtupa."

Mallesham alikata simu taratibu. Akakaa akiyatazama mapaja yake yenye vumbi. Swarupa aliona kwamba hofu yake haikuwa ya kukosa fedha tu. Alikuwa anajiona geti likifunguka, mkono ukipanda kwenye paji la uso, gari likipita bila kumtazama, mpaka uzee.

"Kesho nakuja na wewe," Swarupa alisema.

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Ua wa kampuni ulikuwa na nguzo kumi na mbili mpya zilizopangwa mstari, na kitambaa chekundu juu ya kila moja. Watahiniwa walikuwa zaidi ya mia tatu. Mama zao, wake zao na wajomba zao walirundikana nyuma ya uzio wa waya wakila karanga na kuomba Mungu. Swarupa alipata nafasi mbele kabisa. Aliinua macho kutazama nguzo ya kwanza, na ndipo alipojua mita tisa ni kitu gani. Kitabuni ilikuwa tarakimu. Hapa shingo ilimuuma kabla macho hayajafika juu.

Alitazama vijana wakipanda. Mmoja alifika mita tatu akakwama, akaikumbatia nguzo kama mtoto anayelilia mama, ikabidi wamletee ngazi. Watu walicheka. Mwingine aliteleza akashuka na ngozi ya mikono imebaki juu. Kisha akaitwa binti mmoja aitwaye Jamuna, wa kabila la Walambada kutoka vijiji vya mlimani, mwembamba, suruali ya kaki na nywele amezisokota ndani ya kofia. Minong'ono ikaanza kwenye uzio. "Huyu naye kafuata nini?" alisema mzee mmoja. Binti alifunga kamba za buti zake, akapanda kwa sekunde hamsini na mbili, akagusa kitambaa, akashuka, akajipangusa mikono. Yule mzee akaendelea kula karanga zake.

Swarupa alijishika kifua. Hakujua kwa nini machozi yamemjia kwa ajili ya mtoto wa watu.

"Mallesham, wa Kothapalli."

Alimwona akitoka kwenye mstari. Kofia ilimkaa upande. Mkaguzi, mhandisi Venugopal, bwana mpole mwenye miwani na saa ya kubonyeza, alimwonyesha nguzo ya nne. Mallesham aliisogelea. Akasimama mbele yake. Na mbele ya watu wote, bila haraka, aliinama, akafungua kamba za buti, akazivua, akaziweka kando zikitazama upande mmoja, kama ndara za mlangoni pa hekalu. Akagusa nguzo kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso. Swarupa alifungua mdomo kumwita, lakini yeye alikuwa ameshaikumbatia nguzo.

Mazoea yana taabu.

Akapanda. Swarupa hangeweza kusema baadaye jinsi alivyopanda, kwa sababu hakuona hatua. Wale vijana walikuwa wamepambana na nguzo. Huyu alikwenda nayo. Mkono, unyayo, mkono, unyayo, mgongo umenyooka, na zege lile la kijivu likashuka mbele yake kana kwamba yeye katulia na ardhi ndiyo inayoondoka. Kwenye uzio karanga zilikoma kutafunwa. Alifika juu, akajifunga mkanda, akagusa kitambaa, kisha akafanya ambalo hakuombwa: aliegemea mkanda nyuma, mikono yote huru angani, akautazama mstari wa nyaya unaokwenda mjini, kama mtu anayekagua kwake. Jua lilikuwa nyuma yake. Huyu ndiye mtu ambaye Swarupa alikuwa akimpa chai iliyopoa na kumwambia apanguse miguu kabla ya kuingia ndani. Miaka tisa amelala kando ya jambo kubwa kiasi hiki na hakujua. Swarupa akashika waya wa uzio.

"Sekunde kumi na tisa," alisema mhandisi. Aliitazama saa yake mara mbili.

Mallesham alishuka, akasimama mbele yake, na hapo ndipo macho yake yalipoanguka kwenye buti. Uso ukampauka.

"Bwana mkubwa, mimi sikuzivua," alisema. "Nimezikuta zimevuliwa."

Mtu akacheka nyuma, na hakuna aliyemuunga mkono.

"Miaka kumi na saba nasimamia mtihani huu," alisema Venugopal taratibu. "Sijaona mtu akipanda hivyo. Na siwezi kuandika kwamba umepanda. Unanielewa? Kesho mwingine atapanda pekupeku, ataungua kwa umeme, na mkono wangu ndio utakuwa umeandika kwamba inafaa. Vaa. Una nafasi ya pili."

"Nipumzike kidogo, bwana?"

"Dakika tano. Kwa kila mtu ni dakika tano."

Swarupa aliziona zile dakika tano zikipita kwenye vidole vya Mallesham akifunga kamba. Alipanda tena. Safari hii aliona kila hatua. Buti likagota, likateleza, likashika. Mikono iliyokwisha kutoa kilichokuwa bora ilivuta mwili juu kwa nguvu za mtu anayetoa ndoo ya maji kisimani kwa kamba iliyochakaa. Nusu. Robo tatu. Vibarua wenzake waliokuwa kwenye mstari walianza kumwita, polepole, "Panda, kaka, panda," na hata yule mzee wa karanga akaingia. Ulibaki urefu wa mkono mmoja kufikia kitambaa pale dakika moja na nusu ilipotimia. Kila mtu alimwona Venugopal akiitazama saa yake, filimbi mdomoni, na kuchelewa kuipuliza. Sekunde mbili. Tatu. Vidole vya Mallesham vilipapasa zege chini ya kitambaa.

Filimbi ikalia.

Nje ya geti palikuwa na banda la chai. Walikaa kwenye benchi. Mallesham alikuwa amezitoa tena buti, na miguu yake ilikuwa imevuja damu kwenye visigino. Swarupa alikwenda mwenyewe kununua, akarudi na glasi mbili, akampa yeye kwanza, ya moto.

"Mpigie kaka yako," Mallesham alisema. "Mwambie nakuja."

"Kunywa."

"Umri umekwisha, mama Akshara. Hakuna mtihani mwingine. Nimekula mwanambuzi wa mtoto na alfajiri zako zote." Akajifanya anapuliza chai. "Tena umekuja kuona. Siku moja tu umekuja kuona."

"Nimeona."

"Umeona nini? Mtu mzima anavua viatu."

"Nimeona sekunde kumi na tisa," alisema Swarupa. "Sikujua. Ungeniambia kwamba iko hivyo."

"Unamwambiaje mtu?"

Walikunywa. Yule binti, Jamuna, alitoka getini na karatasi mkononi, baba yake nyuma akiwa amebeba kofia yake kama anabeba mtoto mchanga. Swarupa alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Akiingia huyu," aliuliza, "anaanzia wapi?"

"Fundi mdogo. Miaka michache, fundi kamili. Akisoma, mkaguzi wa laini. Wapo waliofika uhandisi mdogo." Mallesham alifuta mdomo. "Kwa nini?"

"Wanataka cheti kile kile? Cha miaka miwili?"

"Kile kile."

Swarupa alikuwa na miaka ishirini na minane. Aliisogeza glasi yake kando, akaweka kiganja chake juu ya nguzo ya banda, mti mkavu tu wa kushikilia bati.

"Unapoanza," alisema, "mguu wa kushoto unauweka wapi?"

Mallesham alidhani anamtania ili acheke. Alipomtazama usoni aliona hatanii, akaiweka glasi chini.

Buchamma hakula siku mbili. "Mwanamke juu ya nguzo," alisema, akimwambia ukuta kwa kuwa mkwewe hamsikii. "Ng'ombe nao watapaa. Na chakula atapika nani, mimi na goti hili?"

"Nitapika mimi, mama," alisema Mallesham.

"Wewe umeshindwa kuvaa viatu, utaweza kupika?"

Akshara, mwenye miaka saba, alicheka, na Buchamma mwenyewe akabana midomo asicheke. Jioni ya siku ya pili alikula, akauliza ada ya chuo ni kiasi gani, akasema ni wizi, kisha akaingia ndani akatoka na bangili zake mbili za fedha zimefungwa kwenye kitambaa. Aliziweka kwenye mapaja ya Swarupa bila kumtazama. "Nazikopesha," alisema. "Ukiwa mkaguzi nirudishie za dhahabu."

Sudhakar alipopigiwa simu aliuliza mara tatu kama amesikia vizuri. "Dada, umeugua?" Swarupa akamwambia geti la jengo lake alifungue mwenyewe, ana mikono miwili.

Jumapili asubuhi walikwenda wote wanne kwenye ile nguzo isiyo na nyaya. Swarupa alivaa suruali ya Mallesham ameifunga kiunoni kwa kamba, buti za dukani zimejazwa vitambaa mbele, kofia ya kuazima. Aligusa nguzo, akapeleka mkono kwenye paji la uso. Kisha akaweka buti la kushoto pale alipoelekezwa. Yeye hakuwa na mazoea mengine ya kuacha. Mallesham alikuwa amemfunga kamba ya usalama iliyopita juu ya kilele, na ncha yake aliizungusha mgongoni mwake mwenyewe.

Alikwenda mita moja. Akateleza, akaning'inia, akarudi. Mbili. Mikono ilimwaka moto. "Usiitazame ardhi," alisema sauti ya mumewe, "itazame nguzo, nguzo ndiyo ardhi yako." Mita tatu. Hapo akasimama, ameikumbatia, jasho likimwingia machoni, akageuza shavu. Aliona juu ya pamba yote mpaka kijijini: paa la kwao, bwawa, na nyaya zinazotoka mji hadi mji, nguzo kwa nguzo, na kila moja mtu aliwahi kuikumbatia hivi. Miaka yote alibonyeza swichi taa ikawaka. Hakujua kama aliyonayo ni hofu au ni furaha.

"Nataka kwenda tena," aliita.

"Nenda," Mallesham alijibu.

Kutoka chini alimwona akiinua buti. Kamba ilikuwa imara, aliifunga mwenyewe, aliikagua mara nne. Hata hivyo aliishika kwa mikono miwili. Miaka kumi na moja juu ya nyaya zenye moto na hakuwahi kuogopa namna hii. Shingo ilimuuma na hakuthubutu kushusha macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Buchamma aliyesimama kando alipomsogelea akamsikia.

Alikuwa anahesabu sekunde.